Lugha moja haitoshi jamani
Mwandishi ninayemjibu hapa anasema makabila yaliyokatwa na mipaka ya mkoloni yakiunganishwa tena basi taifa litajijenga lenyewe, mi hapo nakataa. Angalia Somalia, lugha moja dini moja, 1960 kaskazini ya Muingereza na kusini ya Mtaliano zikaungana, bendera yao ina nyota ya pembe tano, kila pembe sehemu wanayoishi Wasomali, yaani hadi Djibouti, Ogaden iliyoko Ethiopia na kaskazini mashariki ya Kenya. 1977 rais wao Siad Barre akaingia vitani kuitafuta hiyo Ogaden akashindwa, 1991 serikali yake ikaanguka na Somaliland, ndiyo ile kaskazini ya Muingereza, ikajitangaza nchi mpaka leo. Sasa hao kabila gani liliwagawa?

Waewe nao, kabila lililokatwa na mpaka wa Ghana na Togo, wengi walitaka wawe pamoja, kura ya 1956 ikapeleka Togo ya Muingereza kwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, wenzao wakabaki upande wa Mfaransa, na hata hivyo Ghana ipo tu inaendelea. (Sijasema ile mipaka ilikuwa ya haki, ilichorwa hovyo hilo najua.) Ila mwandishi angetuambia kwanza hiyo serikali ya kabila lililoungana vyeo na ajira itagawaje, maana watu wa kaskazini mwa Somalia walilalamikia hayohayo, kila kitu kiko Mogadishu.