Filamu ikishatoka, mwongozaji ana haki ya kuirekebisha?

Itaje Blade Runner mbele ya mashabiki wa filamu za kisayansi, na kabla hujamaliza kuisifu utaulizwa: toleo lipi? Swali hilo lina msingi. Filamu hiyo ya Ridley Scott ilitoka 1982, ikarudi 1992 ikiwa imebadilika, ikarudi tena 2007. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya namna inavyoisha, kumbe kila mmoja aliona mwisho tofauti.

Nyuma ya ubishi huo kuna jambo zito zaidi. Filamu ikishaoneshwa kumbini na watu wakaipenda, aliyeiongoza anaruhusiwa kuirudia na kuigeuza?

Wanaokataa hukimbilia Star Wars, na hawakosei. Katika filamu ya 1977, Han Solo, mfanya magendo anayedaiwa, amekaa kwenye meza ya baa. Mbele yake yuko Greedo, aliyetumwa kumkamata, amemwelekezea bastola. Wanaongea. Huku wakiongea, tunauona mkono wa Han ukichomoa ya kwake taratibu chini ya meza. Mlio, moshi, na Greedo ameangukia meza. Han anainuka, anamrushia mwenye baa sarafu, anakwenda zake. Kwa tukio hilo moja tumeshajua steringi wetu ni mtu wa namna gani, na si mtu mwema, bado.

Mwaka 1997 mwongozaji wake, George Lucas, aliirudisha filamu kumbini. Safari hii Greedo ndiye anafyatua kwanza, anakosa shabaha ilhali kinachowatenganisha ni meza tu, ndipo Han anamjibu. Sababu ya Lucas ni kwamba shujaa wake hakupaswa kuonekana muuaji. Namwelewa. Lakini alichokisafisha ndicho kilichokuwa kinaibeba safari nzima ya Han. Anapotokea vitani dakika za mwisho kumwokoa Luke, kijana shujaa wa filamu, moyo unaruka kwa sababu tulimwona pale baa na hatukumtegemea. Ukimtakasa tangu mwanzo, kurudi kwake kunapungua uzito.

Lipo lingine linaloniuma zaidi. Filamu ile ilipata Oscar ya uhariri na ya madoido ya picha. Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew walituzwa kwa namna walivyoipanga. John Dykstra na wenzake walituzwa kwa vyombo vya angani walivyoviunda kwa mikono na kuvipiga picha kimoja kimoja. Baadhi ya picha hizo zimeondolewa, zikawekwa za kompyuta. Mwongozaji ndiye baba wa filamu, sawa, ila mtoto huyo alilelewa na wengi. Na Lucas huyohuyo, mwaka 1988, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga kampuni zilizokuwa zikizitia rangi filamu za zamani za nyeusi na nyeupe, akisema kazi za sanaa ni sehemu ya historia ya umma. Watetezi wake hujibu kwamba alikuwa akiwasema wenye mali, si wasanii wenyewe. Tofauti hiyo ipo, siwezi kuikana.

Tena, toleo la kwanza nalo si msahafu. Blade Runner ya 1982 ilionjeshwa kwa watazamaji wa majaribio, wakatoka wamechanganyikiwa, na wenye fedha wakaingiwa na hofu. Harrison Ford, mwigizaji mkuu, akarekodi sauti ya kusimulia yale ambayo uso wake ulikuwa umeshayasema. Ukabandikwa mwisho wa furaha, gari likipita kwenye milima ya kijani, kwa picha za angani zilizobaki katika The Shining ya Stanley Kubrick. Milima hiyo inakujia baada ya karibu saa mbili za giza na mvua isiyokatika! Anayesema tuheshimu toleo la kwanza atuambie hapa tunamheshimu nani.

Metropolis ya Fritz Lang iliteswa zaidi. Ilioneshwa Berlin Januari 1927 ikiwa na zaidi ya saa mbili na nusu, kisha ikakatwakatwa, na kwa miaka 80 dunia ikaipenda filamu iliyonyofolewa. Mwaka 2008 nakala yake ikapatikana kwenye jumba la makumbusho Buenos Aires, na 2010 ikatoka ikiwa na takriban dakika 25 zilizorejeshwa. Ukiitazama utazitambua dakika hizo mara moja: picha imejaa mikwaruzo kama mvua. Lakini ndani ya mikwaruzo hiyo mna kisa cha Rotwang, mvumbuzi, na Fredersen, mtawala wa jiji, kumpenda mwanamke mmoja, Hel. Kisa hicho kikiwamo, chuki ya Rotwang inaeleweka.

Kwangu mimi mpaka unapita hapo. Kurudisha kilichoporwa ni kazi moja. Kuona haya kwa ulichokisema ujanani na kukifuta ni kazi nyingine. Steven Spielberg alipitia yote mawili. Mwaka 2002 aliitoa upya E.T. na kuzigeuza bunduki za maafisa kuwa redio za mkononi. Baadaye akakiri kwamba alikosea, na toleo la 2012 likarudi na bunduki zake. Uungwana huo namsifu nao.

Ila hata mpaka wangu una mahali unapotetereka. Katika Blade Runner, Zhora, mtu wa kutengenezwa anayewindwa, anakimbia akipenya kioo baada ya kioo huku akipigwa risasi mgongoni. Aliyevipasua vioo hivyo ni mwanamke mwingine, mwigizaji wa matukio ya hatari, na mwaka 1982 wigi lake lilionekana wazi. Kwa toleo la 2007, Joanna Cassidy, aliyemwigiza Zhora, alirudi kupigwa picha upya, na uso wake ukapachikwa juu ya mwili ule. Tukio sasa linakata pumzi kuliko awali, nakiri. Lakini mwanamke aliyepita kwenye vioo amepoteza sura yake. Kinachonifanya niupokee urekebishaji huo ni kasha la diski lililotoka mwaka uleule: ndani yake waliweka na la 1982, na la 1992. Yeye na wigi lake bado wamo.