Bima ya viza siyo bima ya kuumwa

Kuanzia Juni mpaka Septemba steshenari yangu hapa Mtwara mjini inageuka ofisi ndogo ya uhamiaji. Vijana wanaokwenda kusoma nje wanakuja kuskani vyeti na kuprinti barua za udahili, na wengi wanamalizia na ombi lile lile: "Mwalimu, nitafutie na bima ya bei chee, ubalozi unaitaka." Ombi hilo ndilo linalotuponza. Bima ya kuuridhisha ubalozi ni kitu kimoja, bima ya kukutibu ukiwa Leipzig au Leicester ni kitu kingine, na familia nyingi za huku kusini zinalipia ya kwanza zikidhani zimemaliza yote mawili.

Siwalaumu. Hapa nyumbani tumezoea kadi moja. Mwanafunzi wa chuo analipa shilingi 50,400 za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa mwaka, anapewa kadi, akiugua anaenda Ligula au Ndanda, kwisha. Kadi hiyo haivuki hata Daraja la Umoja la kwenda Msumbiji pale Mtambaswala, sembuse bahari.

Mwaka jana alikuja baba mmoja wa Tandahimba na binti yake aliyepata chuo Ujerumani. Wakala wao alishawauzia bima. Cheti kilikuwa kizuri: nembo ya rangi, muhuri, na maandishi manene ya euro 30,000. Tukakisoma pamoja mpaka kwenye herufi ndogo kule chini. Muda: siku 30. Halafu mstari unaosema magonjwa ambayo msafiri alikuwa nayo kabla ya safari hayahusiki. Binti ana seli mundu. Mzee akaweka kidole gumba juu ya ule mstari, akaniuliza, "Sasa mwalimu, hii iliyobaki inatibu nini?"

Inatibu ajali na homa ya ghafla ndani ya siku hizo. Hata hivyo wakala hakumuibia. Ndivyo bima za safari zilivyo, na kwa wiki za mwanzo mwanafunzi wa Ujerumani anaihitaji kweli. Kosa ni kuambiwa "bima tayari" na mazungumzo yakaishia hapo.

Kule Ujerumani chuo hakimsajili mwanafunzi bila bima ya afya inayokubalika. Aliye chini ya miaka 30 anaruhusiwa kuingia kwenye bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, kupitia mifuko kama TK au AOK, yapata euro 140 mpaka 150 kwa mwezi. Ni hela nyingi, lakini mifuko hiyo haikukatai kwa sababu ya ugonjwa ulio nao. Kwa mwenye seli mundu, pumu au kisukari, hiyo pekee inatosha kufunga mjadala. Bima binafsi utakuta inatangazwa kwa bei nafuu zaidi, na hapo ndipo penye mtego: ukishaomba kuondolewa kwenye bima ya umma mwanzoni mwa masomo, huwezi kugeuza uamuzi huo mpaka umalize. Kijana anaokoa euro kadhaa mwezi wa kwanza, anajifungia mlango kwa miaka miwili au mitatu.

Na waliovuka 30? Hao nawaona wengi, walimu na wauguzi waliofanya kazi miaka saba, minane, ndipo wakapata nafasi ya shahada ya uzamili. Bei ya mwanafunzi hawaipati, na mara nyingi wanabakiwa na bima binafsi. Ni vizuri wenyewe waulize mapema, kabla hawajaaga kazini.

Uingereza ni habari nyingine kabisa, na kwetu tunaoishi kwa korosho ina uchungu wake. Huko hutafuti kampuni. Serikali inakutoza ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka wakati unaomba viza, na unalipa ya muda wote wa viza kwa mkupuo, mtandaoni, kabla hujajua kama utapewa. (Ukinyimwa viza, ada hiyo inarudishwa. Ada ya viza yenyewe ndiyo imekwenda.) Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa kawaida inakuja na viza ya miezi 16 au 17, na miezi ya ziada inahesabiwa nusu mwaka, kwa hiyo jumla ni pauni 1,164. Unazitakiwa lini? Julai na Agosti. Na minada ya korosho inaanza lini? Oktoba! Kila mwaka naona wazazi wa Newala na Masasi wakiuza shamba au wakikopa kwa riba ya kutisha mwezi wa nane, wakati mzigo uko bado mtini. Vyuo vingi vya Uingereza vinapokea wanafunzi Januari pia. Familia inayotegemea korosho isione aibu kuomba Januari, hela ikiwa imeshaingia.

Nchi nyingine nizitaje haraka. China, vyuo vingi vinakukatia bima kwa yuani 800 kwa mwaka unapojisajili, na ukichelewa kulipa hawakusikilizi. Uturuki, omba kuingia bima ya serikali ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Marekani, mwenye viza ya F-1, ile ya kawaida ya wanafunzi, hana sharti la bima kutoka serikali kuu, ila chuo chenyewe mara nyingi kinaichomeka kwenye bili ya karo mpaka uthibitishe una nyingine ya kiwango chake. Mwenye J-1, viza ya mipango ya kubadilishana, amewekewa viwango na serikali: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na kiasi unachoanza kulipa mwenyewe kisizidi dola 500.

J-1 hiyo hiyo ina sharti ambalo watu wa huku hatupendi kulisikia: dola 25,000 za kusafirisha mwili. Kwetu kutaja kifo cha mtoto anayejiandaa kupanda ndege ni uchuro. Lakini tunajua inavyokuwa. Linafunguliwa kundi la WhatsApp, michango inapigwa, mweka hazina anatuma orodha usiku na mchana, na mwili unakaa wiki nzima ugenini. Bima ya umma ya Ujerumani hailipii safari hiyo, wala ada ya afya ya Uingereza. Hapa ndipo ile bima ya safari ya bei chee ninayoisema vibaya ina kazi ya maana, ukiichagua yenye kipengele hicho na ukaihuisha kila inapoisha. Mimi nawauliza wazazi waziwazi. Wengine wananuna, wengine wanasema "Inshallah hayatatokea," kisha wananiomba niwaprintie masharti.

Masharti hayo yadaini kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti. Wakala anayekuonyesha cheti tu na kukwambia masharti utayakuta huko huko, mwache na cheti chake.

Jambo la mwisho ni la meno. Uingereza kwenye England, mtu mzima analipia daktari wa meno hata akiwa ameshatoa pauni zake zote 1,164, na dawa aliyoandikiwa na daktari ni karibu pauni 10 kila moja. Ujerumani miwani kwa mtu mzima kwa kawaida ni mfukoni mwako. Kwa hiyo jino linalouma tangu kidato cha sita, ling'oe hapa Ligula kabla ya safari. Miwani pima hapa, chukua mbili. Na anayetumia dawa kila siku aombe barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la kitaalamu la dawa, siyo jina la kibiashara la kwenye boksi, maana boksi la huku huenda kule halijulikani.