Risiti Nyeupe Pe
Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaniruhusu kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi gharama za gari zinazotumika kuzalisha mapato hayo, nami ninayebeba dagaa kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kutoka mwalo wa Kirumba kila alfajiri nikadhani nimepona. Kumbe! Risiti za mafuta nilizozipanga kwenye dashibodi zimepigwa jua la Mwanza hadi zimekuwa nyeupe pe, na fundi aliyenibadilishia springi hana mashine ya risiti, ana kalamu na kipande cha boksi. Je, nimpelekee mkaguzi wa kodi boksi? Tena ananiuliza kilomita ngapi ni za biashara na ngapi za kumpeleka mama mkwe kanisani, ilhali siku hiyo mama mkwe alikalia gunia la dagaa. Wenzangu wenye kirikuu, safari ile ninyi mngeiandika wapi?