Aksum: Mfalme Mmoja, Wadai Wawili

Waislamu wa Aksum, mji wa Tigray kaskazini mwa Ethiopia, wanaomba jambo ambalo penginepo lisingekuwa hata habari: ruhusa ya kujenga msikiti ndani ya mji. Hawajaipata. Husali majumbani na katika kumbi za kupanga, na wakifiwa huenda kuzika nje ya mji. Wazee wa Kanisa la Orthodox wana jibu moja la miaka mingi, nalo ni fupi: siku kanisa litakapojengwa Makka, msikiti nao utajengwa Aksum.

Ni jibu tamu mdomoni. Anayelisikia mara ya kwanza hutikisa kichwa akakosa la kusema. Lakini ndani yake limejificha dai zito, kwamba Aksum tangu asili ni mji wa dini moja, na wafalme wake waliujenga uwe hivyo. Dai hilo lina uzito wake na lina nyufa zake, na ushahidi wa pande zote mbili umechongwa kwenye mawe ya mji wenyewe.

Tuanze na Ezana, mfalme wa karne ya 4. Milki yake ilikuwa na bandari ya Adulis kwenye Bahari ya Sham, iliuza pembe za ndovu kwa Warumi, na ilipiga sarafu zake yenyewe za dhahabu. Maandishi yake ya mwanzo yanamwita mwana wa Mahrem, mungu wa vita asiyeshindwa. Sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa cha mfalme. Za baadaye zina msalaba. Aliyeleta mageuzi hayo, kwa masimulizi ya kale, ni Frumentius, kijana wa Tiro aliyefika akiwa mateka baada ya wenzake wa melini kuuawa. Alilelewa ikulu, akakabidhiwa mambo ya mfalme, kisha akaenda Aleksandria na kurudi akiwa askofu, amewekwa mikono na Athanasius, askofu mkuu wa mji huo. Wanaodhani Ukristo uliingia Afrika na meli za wakoloni wakumbuke kwamba haya yalitokea zaidi ya miaka 200 kabla ya Augustine kufika Canterbury kuwahubiria Waingereza, mwaka 597.

Kinachonivutia zaidi ni lugha. Katika maandishi yake ya Kigiriki, Ezana anamtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu bila kumung'unya. Katika yale ya Kige'ez, lugha ya raia wake, anamshukuru tu "Bwana wa Mbingu". Ni mfalme yuleyule. Wenye mashaka husema hiyo ni siasa: Kigiriki kilisomwa na wafanyabiashara na wajumbe wa Roma, nao ndio waliotakiwa kuoneshwa cheti cha ubatizo, huku watu wa nyumbani wakipewa jina la Mungu ambalo mpagani na Myahudi wangeweza kulimeza bila kukwama. Wanaomtetea husema mtu hukua katika imani, na mchungaji mwenye akili haswagi kundi kwa fimbo.

Mimi naona hesabu ya kisiasa ilikuwepo, ila haikumaliza habari. Karibu mwaka 356 Kaisari Constantius wa Pili, aliyeegemea mafundisho ya Arius kwamba Mwana si sawa na Baba, mafundisho aliyoyapinga Athanasius, alimwandikia Ezana na nduguye Sazana akitaka Frumentius apelekwe Aleksandria akahojiwe na askofu mpya, adui wa Athanasius. Mfalme aliyebatizwa ili kumfurahisha Kaisari angemfungasha mtu wake siku hiyohiyo. Ila Frumentius ndiye anayeenziwa hadi leo kama Abba Salama, na Kanisa la Ethiopia lilibaki katika safu ya Athanasius, likipokea mkuu wake kutoka Misri mpaka katikati ya karne ya 20. Ezana basi hakuwa kibaraka. Alikuwa mtu aliyejua nani amwambie nini.

Wanaoutaka mji wa dini moja hawana haja kubwa na Ezana. Wao wana Kaleb, mfalme wa Aksum wa karne ya 6. Wakristo wa Najran, mji wa kusini mwa Arabuni, walipouawa na Yusuf Dhu Nuwas, mfalme wa Himyar huko Yemen aliyefuata dini ya Kiyahudi, mwaka 523, Kaleb alivuka bahari na jeshi miaka miwili baadaye, Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, ikimtia shime, akaiteka Yemen. Huyo ni mfalme wa upanga na msalaba. Baadaye utawala wa huko ulinyakuliwa na Abraha, yule anayetajwa na wafasiri wa Surat al-Fil kwa kwenda kuivamia Makka na ndovu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuzitia Aksum na Makka katika sentensi moja hakuwa mzee wa kanisa wa leo.

Halafu yuko yule mfalme mwingine. Mtoto yeyote aliyepita madrasa, iwe Lamu au Ujiji, anamjua Najashi. Karibu mwaka 615, Maquraishi walipozidi kuwatesa wafuasi wa Mtume, kundi la maswahaba lilivuka kwenda Habasha, yaani milki ya Aksum, kwa mfalme ambaye, walivyoambiwa, hadhulumiwi mtu kwake. Wajumbe wa Makka wakafuata na zawadi ili warudishiwe watu wao. Jaafar bin Abi Talib akasimama akasoma aya za Surat Maryam, na Najashi, wasimulizi wanasema, akalia mpaka ndevu zikalowa. Wajumbe wakarudi na zawadi zao.

Hapo ndipo mfalme anapopata wadai wawili. Kwa Waislamu, Najashi alisilimu, na Mtume alimsalia sala ya jeneza akiwa Madina alipopata habari za kifo chake. Kwa Kanisa, alikuwa mfalme Mkristo aliyetenda wema wa Kikristo, akafa katika imani ya baba zake. Waislamu wa Aksum wakasema: iweje mji uliotupa hifadhi kabla Madina haijatufungulia mlango utunyime leo mahali pa kusujudu? Kanisa likajibu: hifadhi ni ukarimu, na mgeni hapewi nyumba kwa kuwa alipewa kitanda.

Jibu hilo halistahili kubezwa. Kwa mamilioni ya Waorthodoksi, kanisa la Maryamu wa Sayuni lina Sanduku la Agano lenyewe, lililoletwa na Menelik, mwana wa Sulemani na Malkia wa Sheba, nalo hulindwa na mtawa mmoja ambaye haondoki pale mpaka afe. Mwanahistoria atasema simulizi hiyo tunayo kwa maandishi ya karne ya 14, na atakuwa amesema kweli, lakini utakatifu wa mahali haupimwi kwa umri wa karatasi. Tena kuna kidonda: katika miaka ya 1530 jeshi la Imamu Ahmad wa Adal, usultani wa Kiislamu wa jirani, lilifika Aksum na kanisa likateketea. Watu waliochomewa mara moja hunusa moshi mapema. Na Kanisa ndilo lililouweka mji hai; bandari ya Adulis ilipozimika na sarafu zikakoma, Aksum ingekuwa gofu la mbuzi kama si mahujaji na wafalme waliokuja kutiwa taji.

Hata hivyo hoja ya Makka hainiingii. Makka inawafungia wasio Waislamu hata kupita, na inajisimamia kwa sheria ya dini yake yenyewe. Aksum iko katika nchi ambayo katiba yake ya 1995 inatenga dini na serikali na inampa kila raia uhuru wa kuabudu, na Waislamu wanaoomba si wageni wa juzi. Ni wenyeji waliozaliwa hapo. Mfano wa kitanda unavunjika palepale.

Upande wa pili nao ungefanya vyema kupunguza kumtegemea Najashi. Haki ya raia haihitaji mfalme wa karne ya 7 aithibitishe, na kila anapotajwa, ubishi unahama kutoka kwenye kiwanja hadi kwenye swali la nani alikufa na shahada gani, swali ambalo hakuna manispaa inayoweza kulijibu. Mwishoni mwa 2020 vita vya Tigray havikuuliza hilo. Msikiti wa Negash, huko huko Tigray, panapoaminika kuwa pana kaburi la Najashi, ulipigwa makombora, na katika siku hizohizo wanajeshi wa Eritrea waliua mamia ya raia Aksum.

Kuna mazishi mengine mjini humo yasiyoleta ubishi. Zile nguzo za mawe zinazopamba picha za Aksum, mojawapo ikiwa ile ya mita 24 iliyochukuliwa na Waitalia mwaka 1937, ikarudishwa vipandevipande kwa ndege mwaka 2005 na kusimamishwa tena 2008, ni alama za makaburi ya wakubwa walioishi kabla ya msalaba kufika. Wapagani hao wamelala katikati ya mji mtakatifu, hatua chache kutoka kanisa la Sanduku.