Magamba yale yalimsumbua nani?

Mwanangu alikuwa na wiki tano nilipoyaona magamba kichwani mwake. Nilikuwa nimemlaza mapajani nikimbembeleza, jua la saa nne limeingia dirishani, nikaona utosini kitu kama ukoko wa wali. Cha manjano, kina mafuta mafuta, kimeshika ngozi. Siku tatu baadaye kilikuwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Mwenyewe ananyonya, analala, anajinyoosha kama paka. Hana habari.

Mwenye habari nilikuwa mimi. Siku hiyo hiyo nikamvika kofia ya uzi, na wanaoijua Jinja, hapa Uganda, wanajua joto la Januari linavyokaa ndani ya nyumba ya mabati. Mtoto hakuwa na baridi. Kofia ilikuwa ya wageni.

Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, kwa sababu mimi ni Mlugbara wa Arua, mume wangu Muganda, na wote wawili tumekulia kwenye baraki za polisi. Uzuri wa ndoa kama hii ni kwamba mtoto anapata bibi wawili ambao kila mmoja ana dawa yake. Ubaya wake ni huo huo. Mama mkwe alifika kwanza, kutoka Masaka, na fungu la kyogero, majani ya kienyeji ya kumwogeshea mtoto: bombo, lweza, kayayana na majani mengine ambayo sikutajiwa majina. Akachemsha, akapoza, akatia na sarafu kwenye beseni ili mjukuu asije akalala njaa maishani. Wiki iliyofuata mama yangu akashuka kwenye basi la Arua na chupa ya mafuta ya shea aliyoifunga kwa nailoni tatu.

Nawapenda wote wawili. Lakini wote wawili, kofia ilipotoka, waliuliza swali moja. Mama mkwe alilizungusha kwa adabu: "Muka mwana (mke wa mwanangu), maji ya kumwogesha yanatosha?" Mama yangu hakuzungusha: "Huyu mtoto anaogeshwa na nani?"

Mimi nasema swali hilo ndilo lilihitaji dawa, kuliko kichwa cha mtoto. Magamba haya hayaletwi na uchafu. Mtoto huzaliwa bado ana homoni alizopata kwa mama yake tumboni, na homoni hizo huzichochea tezi za mafuta za kichwani zifanye kazi kupita kiasi. Mafuta yanazidi, ngozi iliyokufa inagandamana badala ya kupukutika, na kuna kuvu wadogo, wanaoishi hata kwenye ngozi yako wewe unayesoma, ambao hushangilia mafuta hayo. Hayaambukizi. Kwa kawaida hayawashi. Huanza katika wiki au miezi ya kwanza, na watoto wengi hupona wenyewe kabla ya kufikisha mwaka. Ningeambiwa hayo kabla ya kujifungua, pesa ya kofia ingebaki mfukoni.

Nilikuja kuambiwa wiki ya sita, nilipompeleka chanjo. Musawo mmoja, yaani mhudumu wa afya, mama mtu mzima, aliivua kofia kabla hajaniuliza chochote, akatazama, akairudisha mkononi mwangu. "Hii ya nini?" Nikajitetea, magamba, musawo. Akacheka. Aliangalia nyuma ya masikio, shingoni na kwapani, akauliza ananyonyaje, akasema leo hakuna dawa ya kuandika. Uoshe kwa sabuni laini ya mtoto, ulainishe kwa vaselini, usibandue kwa kucha. Basi. Nilikuwa nimepanga foleni kwa saa tatu, na nilitoka pale kama mtu aliyekosa haki yake. Tumezoea kwamba hospitali bila karatasi ya dawa si hospitali.

Ninalotaka kulizungumza hasa ni suala la utosi. Mimi nilikuwa naosha kichwa chote lakini utosi nauruka, naumwagia maji tu kama napitisha baraka. Nimelelewa kuamini kwamba ukiugusa unaweza kutoboka. Ninavyoona, akina mama wengi tuko hivyo, na si ajabu ukoko hukaa hapo hapo tusipothubutu kupasugua. Ukweli ni kwamba chini ya pale laini kuna utando mgumu unaofunika ubongo, na vidole vinavyoosha kwa upole haviwezi kuutoboa. Kwa kawaida utosi hufunga kufikia karibu miezi 18. Huwezi kusubiri miezi 18 ndipo uoshe.

Basi nilifanya hivi. Jioni napaka vaselini ya kawaida isiyo na manukato, naiacha kama robo saa, nasugua taratibu kwa kitambaa laini, kisha naosha kwa sabuni ya mtoto na kusuuza hadi mafuta yote yatoke. Hapo kwenye kuyatoa mafuta ndipo wengi tunapokosea: tunapaka juu ya jana na ya juzi, na ukoko unanenepa. Siku nyingine sikufanya chochote kwa sababu nilikuwa nimechoka, na wala hakuna kilichoharibika. Vijinywele kadhaa vilitoka pamoja na magamba. Vikaota.

Kuhusu shea, mama yangu anisamehe. Ni mafuta mazuri, na kwetu kaskazini yanatoka kwenye miti ambayo watu wanailinda kama shamba. Lakini kuvu wale hula mafuta ya aina hiyo, sawa na ya zeituni. Vaselini inatokana na mafuta ya petroli yanayochimbwa ardhini, nao hawaiwezi. Kyogero sikuikataza kwa kuoga mwili. Niligoma mama mkwe aliposema mtoto anyweshwe vijiko viwili, maana mtoto chini ya miezi sita ananyonya tu, hata maji hapewi. Tulinuniana siku mbili.

Kulikuwa na jirani pia, aliyesema ni ebiguuna, yaani mapunye, na mtoto anyolewe kwa wembe. Mapunye ni ugonjwa wa watoto wa shule zaidi, nywele hukatika na kuacha mabaka. Wembe kwenye kichwa kama kile ungeniachia vidonda bure.

Kilichonitisha kwa kweli kilikuwa tyubu. Nilipita duka la dawa karibu na stendi ya boda, nikaeleza, na kijana wa pale, bila hata kuomba kumwona mtoto, akaweka kaunta mafuta ya kupaka yenye dawa tatu kwa moja. Nikasoma boksi: betamethasoni ndani yake. Hiyo ni steroidi yenye nguvu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, hunywa dawa upesi, na ukipaka kwa wiki kadhaa inazidi kuwa nyembamba na dawa inaingia mwilini. Watu wazima tunazitumia kung'arisha nyuso na tunajua zinavyotufanya. Kama kichwa kimekuwa kibaya hadi kinahitaji dawa, mwenye kuichagua ni daktari aliyemwona mtoto. Hata shampuu ya mba ya baba yake usiiguse, nyingine zina asidi ya salisili isiyofaa kichwa cha mchanga.

Na kuna hali ambazo nisingekaa nyumbani: magamba yakianza kutoa majimaji au damu, ngozi ikivimba au kunuka, mtoto akipata homa au akiacha kunyonya, au upele ukisambaa mwili mzima. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu wanaousema kwenye vitabu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa uone kama pana joto na uvimbe. Magamba yakishaondoka yanaweza kuacha mabaka meupe meupe kwenye nyusi au shingoni. Hayo nayo hayataki tyubu. Rangi hurudi polepole.

Kwa mwanangu ukoko ulikwisha akiwa anaelekea miezi minne, sikumbuki hata ilikuwa siku gani. Mama mkwe amewaambia ndugu wote wa Masaka kwamba ni kyogero. Mama yangu akipiga simu anauliza kama shea bado ipo, na mimi namjibu ipo, mama, naitumia kila siku. Simwambii kwamba naipaka visigino vyangu.