Tenar: Nani Alimtoa Gizani?

Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea, kisa cha Ged, kijana anayesomea uganga (wizard wa kichwa kile kwa lugha yetu ni mganga, si mchawi). Kwa kiburi chake anafungulia kivuli kiovu, kisha anakifukuzia baharini, kisiwa hadi kisiwa, ndani ya mashua ndogo. Mwendelezo ukaja mwaka 1971, The Tombs of Atuan, na msomaji aliyekuwa akimsubiri Ged akakutana na msichana asiyemjua, anayeishi jangwani katikati ya makaburi. Bahari haipo huko. Ged mwenyewe haonekani mpaka kitabu kinakaribia nusu.

Msichana huyo ni Tenar. Kwa kuwa alizaliwa usiku aliofariki Kuhani Mkuu wa Makaburi, watu wanaamini yeye ndiye kuhani yule yule aliyezaliwa upya. Anachukuliwa kwa mama yake akiwa na umri wa miaka 5, anavuliwa jina, anaitwa Arha, yaani Aliyeliwa. Waliomla ni Wasio na Majina, nguvu za kale zinazokaa chini ya ardhi. Sisi tungepaita mahali hapo mzimuni. Chini yake kuna pango ambamo taa ni mwiko, na kutoka pangoni njia zinasokotana kiasi kwamba asiyezijua hatoki. Arha anazijifunza kwa vidole na kwa kuhesabu matundu ya kuta.

Lalamiko la kwanza la wasomaji ni kwamba huu si mwendelezo, ni kuachwa njiani. Sikubaliani nalo. Kumwona Ged kwa macho ya adui zake kunatufundisha mengi kuliko safari nyingine ya mashua. Ged ni mtu wa ngozi ya kahawia iliyoiva, watu wa Tenar ni weupe, na Tenar amelelewa akiambiwa kwamba waganga wa visiwa vya kina Ged ni makafiri waliolaaniwa. Mwandishi wa Kimarekani kuupanga ulimwengu wake hivyo mwishoni mwa miaka ya 1960 halikuwa jambo dogo.

Lalamiko la pili ndilo zito. Wanaolitoa wanasema: msichana anakaa gizani miaka yote, anakuja mwanamume mwenye nuru kwenye fimbo yake, anamrudishia jina lake, anamwongoza nje. Hata pete iliyovunjika ambayo Ged anaifuata huko chini ni ya shughuli za ulimwengu wake Ged. Tenar anaivaa tu mkononi na kuibeba. Ushahidi wao umo kitabuni, na asiyeuona anajifumba macho.

Lakini kuna sura moja ambayo naona mjadala huu huipita haraka mno. Kabla Ged hajatokea, Arha, akiwa bado msichana mdogo, anapelekewa wafungwa watatu waliokatwa ndimi, wamefungwa minyororo kule pangoni. Kossil, kuhani wa Mfalme-Mungu (mtawala wa watu wa Tenar), anamtaka aseme wauaweje. Hajui. Anatafuta kichwani, kisha anatamka: wasipewe chakula wala maji. Le Guin hamtetei hata kidogo, wala hasemi kwamba alilazimishwa. Sauti ni yake, watu watatu wanakufa kwa kiu, naye anaanguka na kuugua. Baadaye anaota amebeba bakuli la shaba lililojaa maji, anatembea gizani kumpelekea mtu mwenye kiu, na hamfikii.

Kwangu mimi, ukombozi wa Tenar unaanzia kwenye bakuli lile. Hakuna aliyemfundisha kuota hivyo. Makuhani wote waliomzunguka walimfundisha kinyume chake. Kwa hiyo anapomnasa Ged chini ya ardhi, akiwa na uwezo wa kumwacha akauke kama wale watatu, na badala yake anampelekea maji kwa siri, anamaliza safari aliyoianza usingizini. Huyo mwanamume mwenye nuru anaishi kwa sababu msichana ameamua aishi. Le Guin mwenyewe alikuja kueleza kwamba aliwaandika kama watu wawili wanaohitajiana, kwamba hakuna ambaye angetoka peke yake. Namwamini kwa sababu ya maji yale.

Kinachonifanya nikipende zaidi kitabu hiki ni kwamba kutoka nje hakumtibu. Manan, towashi aliyemlea na pengine mtu pekee aliyempenda kule, amekufa shimoni akitaka kumuua Ged. Wakiwa pwani wanangoja kuvuka, Tenar anamwendea Ged na kisu mkononi. Halafu analia, anailia miaka iliyokwenda bure.

Hata hivyo ukurasa wa mwisho unawapa wapinzani haki yao. Tenar anaingia mji wa Havnor, huko visiwani kwa kina Ged, ameushika mkono wa Ged, kama mtoto anayerudi nyumbani. Msichana aliyehukumu watu kufa, kisha akachagua mmoja aishi, hakustahili kupunguzwa kuwa mtoto. Ilibidi isubiriwe miaka 19, hadi kitabu cha Tehanu cha mwaka 1990, ndipo Le Guin alipomrudia: mjane wa mkulima, mama wa watoto waliokua, akimchukua mtoto aliyeunguzwa usoni kwa moto. Na safari hii ni Ged anayeletwa kwake hajiwezi, uganga wote umemtoka, akihitaji kuuguzwa.