Kifurushi cha wiki 12: sindano inafanya kazi, taa inachukua sifa

Kliniki za urembo, kuanzia Marekani hadi Dubai na sasa Nairobi, zimezoea kuuza vifurushi vinavyofanana: sindano ya kupunguza uzito mara moja kwa wiki, na juu yake vikao vya taa nyekundu "vya kuyeyusha mafuta". Muda wake mara nyingi ni wiki 12. Wateja huuliza watapungua kilo ngapi, sindano inauma kiasi gani, taa ina madhara gani. Mimi ningeanza na swali jingine: kwa nini wiki 12?

Piga hesabu. Semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Wegovy, huanzia miligramu 0.25 kwa wiki. Dozi hiyo haikuwekwa ili upungue, imewekwa ili tumbo lizoee. Baada ya wiki 4 unapanda hadi 0.5, kisha 1, kisha 1.7, kila ngazi wiki 4, na ndipo unaifikia 2.4. Kupanda peke yake ni wiki 16. Kifurushi cha wiki 12 kinakwisha umemaliza ngazi ya miligramu 1, yaani kabla dawa haijafika pale ilipopimwa. Utafiti mkubwa uliowapa watu dozi ya 2.4 uliendelea kwa wiki 68, na wastani wao ulikuwa kupungua asilimia 14.9 ya uzito, huku waliopewa sindano isiyo na dawa wakipungua asilimia 2.4. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 13 hivi, kwa mwaka na ushee. Tirzepataidi, ile ya Mounjaro na Zepbound, inaanzia miligramu 2.5 na hupanda kwa 2.5, si chini ya wiki 4 kila ngazi, hadi kikomo cha 15. Kwenye dozi hiyo ya juu wastani ulikuwa asilimia 20.9 kwa wiki 72. Si lazima kila mtu afike juu. Anayepungua vizuri kwenye 5 au 10 hana haja ya kukimbilia 15.

Matatizo mengi yanazaliwa hapa. Mwezi wa kwanza mizani haisogei sana, mteja analalamika, muuzaji anaruka ngazi. Siku mbili baadaye mtu anatapika mpaka maji hayakai tumboni. Dawa hizi huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo ukiruka kutoka 0.25 hadi 1 sahani ile ile ya ugali inakaa pale pale kwa saa nyingi. Kichefuchefu cha kawaida kinatulizwa kwa kula kidogo kidogo, kuacha kula mara unapohisi umeshiba, na kuweka chipsi na vyakula vya mafuta mengi kando. Protini iwe ya kwanza kwenye sahani: samaki, dagaa, mayai, maharage. Asiyekula protini na asiyefanya mazoezi ya nguvu anapoteza misuli pamoja na mafuta. Maji na mboga kwa wingi, maana choo kigumu ni lalamiko la karibu kila siku. Anayefunga Ramadhani apange maji kati ya futari na daku, na azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa kama ndio kwanza anapanda dozi; kutapika ukiwa umefunga kunaweza kuumiza figo.

Kuchoma kwenyewe ni kazi ndogo. Tumboni, umbali wa sentimita 5 hivi kutoka kitovuni, au pajani, au mtu akuchome nyuma ya mkono wa juu. Badilisha mahali kila wiki. Kwa kalamu ya sindano ya Ozempic, ambayo nayo ni semaglutaidi, bonyeza hadi kihesabio kisome sifuri, kisha hesabu polepole hadi sita sindano ikiwa bado ndani ya ngozi. Ukiichomoa mapema utaona tone la dawa juu ya ngozi, na tone hilo ni sehemu ya dozi uliyolipia. Sindano mpya kila mara, na usiihifadhi kalamu ikiwa na sindano yake, kwa sababu hewa inaingia na dawa inavuja. Ukisahau siku ya Ozempic, unaweza kuchoma ndani ya siku 5. Tirzepataidi ndani ya siku 4. Zaidi ya hapo subiri siku yako ya kawaida, na usichome mbili kwa pamoja. Ukikosa wiki kadhaa mfululizo, usirudi moja kwa moja kwenye dozi kubwa. Muulize daktari uanzie ngazi gani.

Vichupa ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Kalamu za viwandani zilipoadimika Marekani, maduka ya dawa ya huko yalichanganya dawa yenyewe na kuigawa kwa vichupa, na wateja wakavuta kwa bomba la insulini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2024 kwamba wapo waliojichoma mara 5 hadi 20 ya dozi waliyokusudia. Kosa lenyewe linaeleweka ukilitazama karibu. Bomba la insulini lina alama 100 kwa mililita moja. Kichupa chenye miligramu 2.5 kwa kila mililita, dozi ya 0.25 ni alama 10. Chenye miligramu 5 kwa mililita, dozi hiyo hiyo ni alama 5. Mtu aliyezoea "kuvuta kumi" akibadilishiwa kichupa amejipa maradufu bila kujua. Na anayesoma 0.25 kama alama 25 amejipa mara mbili na nusu kwenye kichupa cha kwanza, mara tano kwenye cha pili. Kliniki inayokupa kichupa bila kukuandikia miligramu kwa mililita, usiichangie hata senti. Bandia nazo zipo: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza shehena tatu za Ozempic ghushi zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Huku kwetu, kabla ya kununua, uliza kama dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa, ukiwa Tanzania, au na Bodi ya Famasi na Sumu ukiwa Kenya. Dawa inayouzwa kwa picha ya WhatsApp na kuletwa na bodaboda juani haina wa kuiulizia.

Tena jua si jambo dogo. Kalamu ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Isigusane na sehemu ya barafu, maana ikiganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Ozempic iliyokwisha kufunguliwa inaruhusiwa kukaa nje wiki kadhaa, lakini kikomo ni nyuzi 30, na Dar au Mombasa mwezi wa Februari chumba kinaupita mstari huo mchana kweupe. Irudishe kwenye friji.

Nani anafaa? Kwa kawaida ni mtu ambaye kilo zake zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe zinatoa 30 au zaidi, au 27 akiwa na presha, kisukari na kadhalika. Mwenye mita 1.65 anafika 30 akiwa na kilo 82 hivi. Anayetaka kuondoa kilo nne za harusi hayumo. Asiyepaswa kabisa ni mwenye historia, yake au ya ndugu wa damu, ya saratani ya medula ya tezi ya thairoidi. Aliyewahi kuugua kongosho aseme kabla. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi apunguziwe dozi na daktari, la sivyo sukari itashuka ghafla. Mwanamke anayepanga mimba aache semaglutaidi miezi miwili kabla, na anayemeza vidonge vya uzazi akianza tirzepataidi aongeze kondomu kwa wiki 4, na tena kila dozi inapopanda. Ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie mtu wa nusukaputi, kwa kuwa tumbo lako linaweza kuwa na chakula hata kama hukula. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni si ya kuvumilia nyumbani.

Sasa taa. Mashine iliyosomwa zaidi kwa kazi hii inatumia leza dhaifu ya nanomita 635. Utafiti wa mwaka 2009 uliwachukua watu 67, vikao 6 kwa wiki mbili, dakika 20 mbele na 20 nyuma, na waliopata leza walipungua jumla ya sentimita 9 hivi. Neno la kushika ni jumla: kiuno, nyonga na mapaja mawili. Gawanya kwa nne, unabaki na sentimita 2 na kidogo kila mahali, kiasi ambacho utepe uliokazwa au chakula cha mchana vinaweza kukibadilisha. FDA ilipokipitisha kifaa hicho mwaka 2010, ilikipitisha kwa kupunguza mzunguko wa mwili, si uzito. Taa nyingi za paneli zinazotundikwa ukutani hazina hata hilo. Nguvu ya mwanga hupungua kadiri unavyosogea mbali, kwa hiyo paneli isiyotaja miliwati kwa sentimita mraba na umbali wake haikuambii unapewa dozi gani.

Madhara yake ni machache: macho yafunikwe, dawa zinazoifanya ngozi iogope mwanga kama doksisiklini zitajwe, na wenye madoa meusi usoni waogope joto la mashine. Kinachoniudhi ni bei na sifa. Mteja anachomwa sindano kila wiki, anapimwa utepe baada ya kikao, na taa inapongezwa.

Fedha ya taa ina kazi nyingine. Waliopungua kwa semaglutaidi na kuiacha walirudisha theluthi mbili ya uzito ule ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo bajeti iwe ya mwaka na zaidi, pamoja na vipimo vya sukari na figo na miadi ya daktari kila dozi inapopanda. Mfuko wako ukiruhusu miezi mitatu tu, subiri kwanza ujaze.